Kuchekesha Pasipo Kucheka: Sanaa ya Amri Athumani Ikipimwa Mpakani Tunduma

Wachekeshaji ni wa namna mbili. Yuko anayecheka pamoja na watazamaji wake, na yuko anayekaza uso kama hakimu barazani, akawaachia wengine kicheko chote. Makala haya yahusu huyu wa pili. Nimemchagua marehemu Amri Athumani, ambaye wengi walimjua kwa jina la King Majuto, na swali langu ni moja: kichekesho chake, kilichozaliwa Tanga, chawezaje kueleweka Tunduma, ambako Kiswahili kwa watu wengi ni lugha ya pili?

Kwanza tueleze maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza jukwaani mwaka 1958 angali mtoto. Baadaye alikuwa katika kikundi cha DDC Kibisa cha Dar es Salaam, zama ambazo vichekesho vilionyeshwa katika onyesho moja pamoja na ngoma, sarakasi na muziki. Zilipokuja kanda za video, uso wake ukaingia katika nyumba nyingi. Alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Jina lake la jukwaani lenyewe ni mzaha uliokaza uso: mtu ambaye kazi yake ni kufurahisha watu ajiita Majuto, neno ambalo wazee walilifanyia methali ya kuonya.

Sasa tutazame ufundi wake. Kichekesho cha Kitanzania kwa kawaida hakina andiko. Waigizaji hukubaliana kisa, kisha maneno huzaliwa papo hapo mbele ya watu. Kwa hiyo uso na sauti hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kalamu. Majuto hakuwa mtulivu. Alifoka, alinung'unika, alibishana. Lakini alifoka kwa dhati, kama mzee aliyedhulumiwa kweli, wala hakuwakonyeza watazamaji kuwaambia kwamba anatania. Steven Wright wa Marekani, aliyepata sifa baada ya kuonekana katika televisheni mwaka 1982, husimama peke yake na kutamka kwa sauti isiyopanda wala kushuka sentensi fupi fupi zisizofuatana. Huyo hujificha nyuma ya sentensi. Majuto aliificha sentensi nyuma ya mzee.

Tofauti hiyo ndiyo itufikishayo Tunduma. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Wawanda na wengineo. Na ng'ambo ya mpaka, huko Nakonde, Kinyamwanga husikika pia, pamoja na Kibemba. Lau ucheshi wa Majuto ungekaa katika lafudhi ya pwani, ungefia njiani. Hali ndiyo hiyo kwa Benson Wanjau wa Kenya, Mzee Ojwang, aliyefariki mwaka 2015. Yeye, ijapokuwa alikuwa Mkikuyu, alichekesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Asiyepata kumsikia Mjaluo akisema Kiswahili hukosa nusu ya utamu. Majuto alisimama juu ya jambo lililo pana zaidi, nalo ni heshima ya mzee, ambayo kila kabila lina lugha yake.

Natunga mfano. Askari wa mpakani amwuliza mzee wa Kinyamwanga, "Mzee, mbona wavuka mpaka bila kibali?" Mzee ajibu kwa upole, "Mwanangu, mimi sijavuka mpaka. Mpaka ndio uliovuka shamba langu." Hapana neno la mzaha katika jibu hili. Kitenzi ni kile kile, ila mtenda amegeuzwa. Na neno "mwanangu" lamweka askari mahali pa mtoto anayefundishwa. Mzee akicheka, amemdhihaki mwenye mamlaka. Asipocheka, amesema kweli, na askari hana la kumshitakia. Basi kukaza uso si pambo tu. Ni ngao ya mnyonge.

Ngao hiyo watu wetu waliijua kabla ya jukwaa. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, mtani aweza kufika matangani akasema maneno ambayo kinywani mwa mwingine yangeleta ugomvi, naye huyasema kama mtu anayedai haki yake. Mtazamaji wa Tunduma, basi, hahitaji kuijua Tanga. Yatosha awe amepata kumsikia mtani, au mzee anayesema ukweli mchungu pasipo kutabasamu.

Haifai, hata hivyo, kusifu bila kupima. Wingi wa kazi za video ulimdhuru. Kisa kilipokuwa chepesi na kimetengenezwa kwa haraka, kufoka kulichukua mahali pa hoja, na uso ule mzito ukabaki bila mzigo wa kubeba. Ubora wake waonekana pale mzee anapokuwa na dai lenye haki kidogo ndani yake. Dai likiwa upuuzi mtupu, kicheko huisha upesi.

Lililo zito zaidi ni hili. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mikataba ya wasanii ikawa jambo la taifa, hata Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuichunguza. Kisichoandikwa ni vigumu kukidai. Nasi wataalamu wa lugha tuna sehemu yetu ya lawama: tumekusanya tenzi na methali kwa bidii, lakini vichekesho tumeviacha kana kwamba ni makapi ya fasihi. Yafaa vinakiliwe neno kwa neno, pamoja na vituo, vimya na hali ya uso, maana kwa mchekeshaji wa namna hii kimya ni sehemu ya sarufi. Tena visinakiliwe Tanga na Dar es Salaam tu, bali na mipakani kama Tunduma, ambako msikilizaji wa lugha ya pili hutuonyesha kipi katika kichekesho ni cha lafudhi na kipi ni cha maana.