Tazama Sufuria, Si Kikombe

Jumamosi iliyopita jirani yangu alinialika kwenye mkahawa mpya karibu na Spine Road, hapa Komarock. Tuliletewa glasi mbili za maji yaliyokwisha kupoa nusu, kila moja na kimfuko cha majani kikielea, na maziwa moto kwenye kijagi. Jirani akavuta uzi mara mbili tatu, akamimina maziwa, akaonja, akatangaza kwamba Eastlands nzima haina chai kama ile. Meza ya pili wakaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya aliyenialika, lakini maneno yale yamenikaa kooni wiki nzima. Tulichokunywa kilikuwa maziwa yaliyopakwa rangi, na watu wazima wakiyasifu mbele ya vijana, vijana watakua bila kuijua chai.

Chai hupikwa. Mgeni akibisha hodi tunasema ngoja nipike chai. Hakuna anayesema ngoja niiloweke. Najua wako wenye kanuni nyingine. Mwandishi George Orwell aliandika zake 11 katika gazeti la London Januari 1946, akataka maji yanayochemka yamwagiwe majani na maziwa yaje mwisho. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Lakini kiwango hicho kiliwekwa ili waonjaji walinganishe majani haya na yale, hakikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeamka saa kumi usiku kuwahi mjengo. Naye Orwell, alipoandika kanuni zake, hakuwa akipikia kwenye mwinuko kama wa Nairobi. Hapa kwetu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Yamimine kwenye glasi baridi, glasi inywe moto wake, kisha utumbukize kimfuko: rangi utaipata, ladha itabaki ndani ya karatasi.

Tena majani yetu yenyewe yanataka sufuria. Chai ya Kenya karibu yote ni CTC, punje ndogo ngumu zinazotoa nguvu upesi, na daraja la PF1, likiwa zuri, lina nguvu ya kutosha kusimama mbele ya maziwa. Protini ya maziwa hushika ule ukali unaokausha ulimi. Vikipikwa pamoja, ukali na ulaini hukaa mahali pamoja. Vikitenganishwa, unaonja maji ya majani, halafu unaonja maziwa.

Sasa nije kwa jambo ambalo asiyejua hulikosa kila mara. Yeye hutazama rangi ndani ya kikombe, na rangi ndiyo rahisi kughushi kuliko vyote. Majani ya asubuhi yakirudishwa motoni jioni na kuongezwa kijiko kimoja kipya, rangi ipo. Sukari ikiunguzwa kidogo chini ya sufuria kabla ya maji, rangi ipo, tena inang'aa. Mjuzi huinama akatazama ukuta wa sufuria, juu ya pale chai ilipotulia.

Chai iliyopikwa sawasawa hupanda. Maji, maziwa na majani vikiwa pamoja vinapofikia kuchemka, mlio ule wa sufuria hukatika ghafla, povu huvimba, na povu hilo huyabeba majani juu nalo. Mpishi huinua sufuria, povu likashuka, na ukutani likaacha mstari. Hurudisha motoni, chai ikapanda tena, mstari mwingine chini kidogo ya ule wa kwanza. Mara tatu. Mistari iwe mitatu, ya kahawia, na punje za majani zimeganda juu yake kama mchanga ufukweni baada ya maji kupwa. Punje hizo ndizo ushahidi. Zinasema majani yalikuwemo maziwa yalipopanda, yakapanda nayo, yakashuka nayo. Mstari mweupe usio na punje unasema maziwa yalichemshwa peke yake na majani yakaja kama wageni waliochelewa. Sufuria isiyo na mstari wowote ina chai iliyopashwa moto tu. Na mstari mmoja mnene uliomwagika hadi nje unasema mpishi alikuwa kwenye simu.

Haya nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na Kayole Junction, miaka ile Kangundo Road ilipokuwa bado na vumbi zaidi ya magari. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari amezungukwa na makondakta na vijana wa mjengo. Alipika kwa makaa, sufuria kubwa isiyo na mshikio, akaiinua kwa vipande viwili vya katoni. Sikuwahi kumwona akitazama ndani. Alikuwa akikata mandazi, anazungumza na mteja, anarudisha chenji, na mlio ulipokatika mikono yake ilikuwa tayari kwenye katoni. Nilimuuliza kwa nini mara tatu. "Mwanangu, ya kwanza ni ya maziwa, ya pili ni ya majani, ya tatu ni ya mtu." Sijapata maelezo bora zaidi tangu hapo, na siyahitaji.

Walaghai nao wanaijua mistari hiyo. Palikuwa na bwana mmoja upande wa Kayole, kibanda safi, vikombe safi, mistari mitatu myeusi inayoonekana kutoka barabarani. Nilikunywa kwake mara mbili na ulimi ukanikatalia. Mara ya tatu nikamwomba kijiko, nikakwangua mstari wa juu. Haukutoka. Ulikuwa mgumu kama rangi ya mlango. Alikuwa akiosha sufuria chini na kuuacha ukuta miezi na miezi, watu wakisifu mistari ya mwezi jana huku wakinywa majani ya jana. Mstari wa leo hutoka kwa kidole, nao huacha unyevu na harufu ya maziwa yaliyoiva. Kwa hiyo usitazame tu, gusa. Mpishi wa kweli hatakasirika.

Mengine ni mafupi. Tangawizi ipondwe na ganda lake, isiparuzwe, na iingie kwenye maji kwanza mpaka ichemke. Ikiwekwa mbichi kwenye maziwa yenye uvuguvugu, maziwa hukatika. Sukari huingia sufuriani, mpando wa pili. Anayeleta sukari mezani hajaamua chai yake iweje. Maziwa yasipungue nusu. Ya mashine ya ATM, ya asubuhi, yanafaa, ya pakiti yanafaa, ya boksi la kukaa miezi hayafai na sitabishana juu ya hilo. Chai ya masala ni kinywaji kizuri, ila kihukumiwe peke yake, kwa sababu viungo hufunika makosa ya mpishi. Strungi, chai isiyo na maziwa, nayo ina wenyewe. Kikombe kiwe cha enameli. Katika chupa ya chai isikae zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo kizibo huanza kuingia kwenye ladha.

Mimi ni wa kizazi cha maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti za pembe tatu yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979. Baadhi yetu hatukuyanywa darasani. Tuliyaficha kwenye mkoba mpaka nyumbani, mama akayamimina sufuriani na majani ya Ketepa, na jioni hiyo chai ilikuwa nzito kuliko siku zote za wiki. Tulikaa kuzunguka jiko tukisubiri ipande. Ilikuwa kazi ya mtoto kupiga kelele, "Inamwagika!", na ilikuwa aibu kupiga kelele mapema au kuchelewa. Watoto wa ploti zetu leo wanasikia kitufe cha birika la umeme kikijizima chenyewe. Hawajawahi kuambiwa kwamba chai ina sauti.

Mama wa Kayole Junction alirudi kwao Tala, na kibanda kikabaki kwa mkaza mwanawe. Anatumia gesi sasa. Mandazi yake ni bora kuliko ya mama mkwe, nasema ukweli. Tangawizi anaiponda vizuri, maziwa hayaibi. Asubuhi moja nilimwambia, "Mama alikuwa akiinua mara tatu." Akanijibu kwa adabu, mikono ikiendelea na kazi: "Mzee, watu wana haraka siku hizi." Akanimiminia kikombe kimejaa. Nilikinywa chote, nikaomba kingine, na nimeendelea kwenda kwake kila wiki. Kila nikifika nainama kwanza, nakwangua kwa kidole. Mstari ni wa leo, una punje zake. Ni miwili.