Sega la Nyuki Ndani ya Lagi

Mfumo wa sola ukianza kunuka plastiki iliyoungua, wa kwanza kulaumiwa ni betri, kisha inveta. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Kilichoungua ni kipande kisichozidi kidole gumba: pale kebo inapoingia kwenye lagi, ile terminali ya shaba yenye tundu la bolti. Ganda la kebo limegeuka rangi na kukakamaa. Ukiivuta kwa mkono, kebo inachomoka, na nyuzi zake bado ni duara vilevile kama zilivyotoka dukani. Aliyeifunga aliigonga kwa nyundo na patasi, akaivuta mara moja, akaridhika.

Hesabu inaonyesha kwa nini kipande hicho kidogo kinastahili kifaa chake maalumu. Inveta ya wati 5,000 inayotumia betri za volti 48 huvuta ampea 104 ikibeba mzigo wote, na ukijumlisha kinachopotea ndani ya inveta yenyewe unafika kama ampea 115. Kebo inayofungwa mara kwa mara kwa kazi hiyo ni ya shaba, laini, yenye nyuzi nyingi nyembamba na ukubwa wa milimita 35 za mraba; mafundi huiita "kebo ya 35" tu. Kwa kiwango cha IEC 60228, mita 1 ya kebo hiyo haipaswi kuzidi ukinzani wa miliohmu 0.554. Sentimita 3 zake, takriban urefu wa sehemu inayobanwa, zina miliohmu 0.017 hivi, na kwa ampea 115 hutoa joto la robo ya wati.

Kiungo kibovu chenye miliohmu 2 tu, kwa mkondo uleule, hutoa wati 26. Hilo ni joto la chuma kidogo cha kulehemu risasi, kilichowashwa na kusahaulika ndani ya kasha la betri. Joto huharakisha kutu ya shaba, kutu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Kwenye nyumba za pwani, ambako hewa yenye chumvi hupenya kila upenyo, safari hiyo huwa fupi zaidi.

Kubana lagi vizuri maana yake ni kuiondoa hewa. Kibano kinapokandamiza kwa nguvu ya kutosha, nyuzi za kebo na ukuta wa lagi huumbika upya chini ya shinikizo, zikijaza nafasi zilizokuwa kati yao hadi oksijeni isipate njia ya kuingia. Njia hii ilipata nguvu kubwa viwandani tangu 1941, Uncas Whitaker alipoanzisha nchini Marekani kampuni ya Aircraft-Marine Products, iliyojulikana baadaye kama AMP, kutengeneza terminali zisizohitaji kulehemiwa kwa risasi kwa ajili ya ndege na meli. Risasi ya kawaida ya umeme huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 za Selsiasi, kwa hiyo kiungo kikipata moto sana huachia. Tena risasi hupanda ndani ya kebo na kuifanya ngumu. Pale ugumu unapoishia ndipo nyuzi hukatika kebo ikitikiswa, iwe kwenye lori au kwenye boti.

Basi kifaa gani? Cha bei ya chini kabisa ni kibano cha kupigwa nyundo: lagi inakaa kwenye mfereji, ncha ya chuma inashuka juu yake. Kinaacha shimo upande mmoja, na kina chake kinategemea mkono wa aliyepiga. Lagi ya kwanza ya asubuhi na ya kumi ya jioni hazitafanana. Kinafaa kuokoa safari gari likikwama shambani, lakini kwa kiungo kitakachobeba ampea 115 kila siku kwa miaka kumi, hapana.

Hatua inayofuata ni kibano cha mikono mirefu, mfano wa mkasi wa kukatia vyuma, chenye dai za pembe sita, yaani taya za chuma zinazoibana lagi, zinazozungushwa kulingana na saizi. Kizuri kina racheti: hakifunguki mpaka dai zimekutana kabisa, kwa hiyo uchovu wa fundi hauingii kwenye kiungo. Hakina mafuta ya kuvuja wala mpira wa kuchakaa. Kikwazo chake ni nafasi. Mikono ile inahitaji kufunguliwa kwa upana, na ndani ya kasha la betri upana huo haupo, hivyo lagi hubanwa mezani kabla kebo haijapitishwa.

Kinachoonekana zaidi mikononi mwa mafundi wa sola ni kibano cha haidroliki cha kupampu kwa mkono. Kazi yake ni ileile ya jeki ya gari: pistoni ndogo inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni kubwa, na nguvu ya mkono inazidishwa hadi kufikia tani kadhaa. Vile vya Kichina vinavyouzwa kwa majina ya YQK-70, YQK-120 na YQK-240 hubeba saizi kubwa kabisa ya kebo kwenye jina: 70, 120 na 240 mm². Kwa anayefunga mifumo ya nyumbani, ambayo kebo zake ni kati ya 16 na 70, YQK-70 inatosha, na wepesi wake ni faida akiwa juu ya ngazi. Anayebana lagi nyingi kila siku ndiye mwenye sababu ya kufikiria kibano kinachoendeshwa kwa betri.

Wanunuzi wengi hukimbilia tani. Swali zito liko kwenye dai.

Lagi zilizotengenezwa kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 46235 huja na jibu lake mwilini. Ubavuni zimepigwa muhuri wa saizi ya kebo, saizi ya bolti, na namba ya dai: ya 35 mm² hubanwa kwa dai namba 12, ya 50 kwa namba 14, ya 70 kwa namba 16. Kuna hata mistari inayoonyesha wapi pa kubana. Lagi, dai na kebo vimepimwa pamoja, na fundi anafuata alama.

Lagi nyingi sokoni hazina bahati hiyo. Ni za aina ya SC, zilizoandikwa mfano SC35-8: kebo ya 35, bolti ya milimita 8. Unene wa ukuta wake hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na dai iliyoandikwa 35 kwenye sanduku la kibano haikutengenezwa kwa ajili ya lagi hiyo hasa. Kebo laini nayo huwa nene kidogo kuliko kebo ngumu ya saizi ileile, kwa kuwa nyuzi nyembamba huacha nafasi nyingi katikati. Anayeagiza kebo ya Kimarekani ana fumbo lingine: 2 AWG ni 33.6 mm², 1/0 ni 53.5, na 2/0 ni 67.4, kwa hiyo hazilingani sawasawa na 35, 50 na 70.

Dawa ni kubana sampuli moja kabla ya kazi. Fundi anakata kipande cha kebo, anachuna ganda kwa urefu wa bomba la lagi na milimita moja au mbili za ziada, na kukwangua uzi mmoja kwa kisu ahakikishe ni shaba mpaka ndani. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba huonyesha weupe papo hapo. Anaingiza kebo hadi nyuzi zionekane kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha anabana kuanzia upande wa tundu la bolti akirudi kwenye ganda, mpaka dai zigusane.

Halafu anaikata katikati. Msumeno wa chuma, tupa laini, msasa wa maji, na kamera ya simu iliyokuzwa vinatosha. Ikiwa bado nyuzi ni duara na kuna vitobo vyeusi kati yake, dai ni kubwa. Ikiwa pande mbili za lagi zimetoa masikio membamba ya shaba, dai ni ndogo na chuma kimekosa pa kwenda. Iliyofaa inafanana na sega la nyuki: kila uzi umesukumwa na jirani zake hadi ukapata pembe, na mstari kati ya kebo na ukuta wa lagi ni mgumu kuufuata kwa jicho. Dai iliyotoa sega hilo inawekewa alama ya rangi na kutumiwa kwa lagi zote za shehena ileile. Shehena ikibadilika, sampuli nyingine inakatwa. Kupunguza nyuzi ili kebo iingie, au kujaza vipande vya waya ili isicheze, kunaharibu kipimo chote.

Kazi ikiisha, kabla neli ya kusinyaa haijafunika shingo ya kila lagi, kinabaki kipimo kimoja. Inveta inapewa mzigo mzito, tuseme pasi, birika na jiko la umeme kwa pamoja, huku multimita ikiwa kwenye milivolti. Ncha moja inagusa bapa la lagi, nyingine inachomwa kwa sindano kwenye kebo karibu na mdomo wa lagi. Kwa ampea 115, kiungo kizuri huonyesha kama milivolti 2. Kikionyesha 100, kebo inakatwa hapo hapo na kubanwa upya kwa lagi mpya, kasha likiwa bado wazi na mwenye nyumba akiwa bado hajalipa salio.