Chatu Asiye na Jicho

Katika kijiji kimoja cha Shinyanga, ndani ya nyumba ya udongo ambayo mvua zilikuwa zimekwisha kuila msingi, nilimkuta mzee amechutama mbele ya kiambaza, vidole vimelowa udongo mwekundu, akichora chatu ambaye mkia wake ulianzia mlangoni, ukapita juu ya dirisha, ukazunguka pembe ya chumba, ukapotelea gizani. Hakuwa na brashi wala kielelezo. Wekundu aliutoa kichuguuni, weusi katika masizi ya chungu, weupe katika majivu, nami nilipomuuliza, "Guku, nyoka huyu unamjua?" alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemuuliza iwapo anamjua mwanawe.

Michoro ya jinsi hii ilikuwa amana ya Bayeye, chama cha Wasukuma wawindao nyoka na kutibu sumu yao, waliokuwa wakiipamba nyumba ya kuwafundishia wanachama wapya. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia Serikali ya Tanganyika, aliikusanya katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1953. Viambaza vimeporomoka, kitabu kingalipo. Sijui nishukuru au nione haya.

Huko Ulaya, Jean Dubuffet alianza mwaka 1945 kuzitukuza kazi za watu wasiopita shule ya sanaa, akaziita sanaa ghafi. Na mwaka 1972 Mwingereza Roger Cardinal akaziita sanaa ya walio nje. Mwaka uo huo alifariki Dar es Salaam mmoja wa watu wa namna hiyo, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, ambaye tangu mwaka 1968 alichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na ambaye waigaji wake leo hawana idadi. Lakini neno hilo la Cardinal, "nje", lanikera. Mzee yule yu nje ya nini? Chumba kile zamani hakikuingiwa na asiyekula kiapo. Mimi niliingia kwa sababu hapana tena wa kunizuia.

Geita, ardhi nyekundu kama ile huchimbwa usiku na mchana, kutafutwa dhahabu. Kijana hushuka duarani, yaani shimoni, mawe hupanda kwa kamba yakaenda kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na hata marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, yana mnunuzi wake. Udongo wa rangi hauna. Nyumba zinazojengwa kwa fedha ya dhahabu ni za saruji, na apakaye kuta zake, mara nyingi, ni kampuni ya simu.

Nilipoaga, chatu alikuwa hajatiwa jicho. Jicho, alisema mzee, hutiwa mbele ya mwanafunzi, na wajukuu wake wote wako Geita, maduarani.