Kiti cha Enzi cha Silaha

Wenyeji wa Kilwa na Lindi wameijua bunduki kwa sura mbili. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipozuka katika vilima vya Umatumbi, ilikuwa chombo cha Mjerumani. Katika miaka ya 1960 ilishikwa Nachingwea na mikono mingine: huko walifunzwa wapiganaji wa FRELIMO waliokwenda kuikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Hivyo tuna haki ya kukihukumu Kiti cha Enzi cha Silaha, kazi ya mwaka 2001 ya Cristóvão Canhavato wa Maputo, ajulikanaye kwa jina la Kester.

Kiti hiki hakikuchongwa, bali kimeungwa kwa silaha zilizokatwakatwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokoma mwaka 1992, silaha zilibaki mafichoni. Kuanzia mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, liliwapa wananchi waliozisalimisha majembe, cherehani na baiskeli.

Egemeo ni bunduki mbili za G3 za Mreno. Mikono ni AK-47 za Kisovieti. Pa kukalia ni bunduki za Poland na Chekoslovakia. Mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa Korea ya Kaskazini. Hakuna iliyotengenezwa Afrika. Katika vitako vya G3 mna matundu na mikwaruzo mithili ya uso unaotabasamu. Viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vya mpingo na pembe, humkaribisha mgeni wa heshima. Hiki nacho kinakaribisha, tena kwa tabasamu, lakini ni nani atakayekikalia?

Mzee aliyewaona vijana wale Nachingwea aweza kulalamika kwamba silaha ya mkoloni na ya mkombozi zimechomelewa pamoja kana kwamba dhambi yao ni moja. Lalamiko hilo ni zito, wala sidhani kwamba msanii amelijibu lote. Lakini amesema kweli moja chungu: bunduki za aina ile ile iliyoleta uhuru ziliua ndugu kwa ndugu tangu 1977, na aliyepigwa risasi hakuulizwa imetoka upande gani.

Kiti chenyewe kilinunuliwa mwaka 2002 na Makumbusho ya Uingereza, London. Mwanafunzi wa Nachingwea hukiona pichani tu.