Alfa ya shaba si pacha wa platini

Kuichukulia alfa, mojawapo ya maumbo ya fuwele ya ftalosianini ya shaba, kuwa na mpangilio wa ile ya platini lilikuwa kosa, tena kosa la kuepukika. Mwaka 1966 Ashida, Uyeda na Suito waliipa seli ya monokliniki yenye molekuli nne, b, upande mfupi wa seli, ikiwa angstromu 3.79. Kipimo cha b hakina ubishi. Miaka miwili baadaye Brown akatoa muundo wa alfa ya platini, vipimo vikaonekana kukaribiana, na shaba ikavikwa nguo isiyo yake.

Hebu tuitazame hiyo b. Inatuambia kwamba molekuli bapa zimepangana katika safu, zikiinama kiasi cha nyuzi 26, na nafasi ya angstromu 3.4 hivi kati ya bapa na bapa. Habari hiyo ni ya safu moja. Kuhusu safu ya jirani inakoelekea, b haisemi neno. Katika platini safu jirani huinamia pande zinazopishana, na hilo linadai angalau mielekeo miwili ndani ya seli. Hoshino, Takenaka na Miyaji waliporudia kazi mwaka 2003, kwa difraksheni ya elektroni kwenye filamu iliyokuzwa juu ya kloridi ya potasiamu, walipata trikliniki, molekuli moja tu kwa seli. Ikiwa ni moja, basi safu zote zinainama upande mmoja. Hakuna kupishana. Na muda wote huo watu walikuwa wakikokotoa mwendo wa chaji katika filamu hizi kwa majirani wasiokuwapo!

Nimeshasema na nitaendelea kusema: seli kufanana si muundo kufanana. Robertson, pale Royal Institution, London, hakubahatisha. Mwaka 1936 alichapisha ftalosianini isiyo na metali, 1937 ya nikeli, akalinganisha ukali wa madoa ya difraksheni ya miale ya X, doa kwa doa. Nikeli imekaa kwenye kitovu cha ulinganifu, hivyo mchango wake katika kila doa unajulikana alama, chanya au hasi, na alama za madoa yenyewe zikajitokeza. Hakuhitaji kudhani lolote kuhusu kemia ya molekuli. Huyo ndiye fundi.

Lawama hii ni ya alfa tu: muundo wa beta ya shaba, umbo jingine la fuwele, uliotolewa na Brown 1968, ni safi.

Wanaochora alfa ya shaba kwa safu zinazopishana waifute michoro hiyo, na waliokokotoa juu yake warudie hesabu.