Kombora Linalofuata Doa: Leza Ndani ya DCS World

Kifaru kimemulikwa barabara, kombora limeshatoka chini ya bawa, na mpigaji anahesabu sekunde. Kishindo hakiji. Hellfire imepitiliza na kwenda kujichimbia shambani, kwa sababu iliagizwa kutafuta leza ya msimbo 1688, ilhali mwale ulikuwa unapigwa kwa msimbo 1687. Wachezaji wa DCS World, simuleta ya ndege za kivita inayotengenezwa na Eagle Dynamics, wanalijua kosa hili vizuri mno. Rubani wa Apache halisi naye anaweza kulifanya vilevile, na hapo ndipo sifa ya programu hii inapoanzia.

Silaha za leza zimo nyingi humo, lakini mbili zinatosha kuonyesha kazi ilivyofanywa: Hellfire ya helikopta ya Kimarekani AH-64D Apache, iliyotolewa kwa wachezaji mwaka 2022, na Vikhr ya Kirusi, waliyoizoea tangu simuleta ya helikopta ya Ka-50 ilipotoka mwaka 2008. Zote mbili huitwa makombora ya leza. Tabia zao ni mbingu na ardhi.

Hellfire ya aina ya AGM-114K ina kihisi puani. Haitambui kifaru, inachotafuta ni nuru ya leza inayoakisiwa na kifaru, nuru ya mikromita 1.06 ambayo jicho la mtu haliioni. Leza hiyo haiwaki mfululizo. Hupiga mapigo mafupi mafupi, na msimbo wa tarakimu nne ndio unaoamua muda kati ya pigo na pigo. Hivyo helikopta mbili zinaweza kumulika shabaha mbili katika bonde moja, na kila kombora likalijua doa lake.

Tena anayemulika si lazima awe yule aliyefyatua. Anaweza kuwa Apache nyingine, au askari wa ardhini anayeratibu mashambulizi, mradi msimbo ni mmoja. Simuleta imeuchukua utaratibu huu mzima. Mpigaji, anayekaa kiti cha mbele, anaweza kuhakikisha kwanza kwamba kombora limeliona doa ndipo afyatue. Anaweza pia kufyatua kombora likiwa halioni kitu: litapanda juu, litavuka kilima, na mwale utawashwa baadaye likiwa tayari njiani. Kwenye kioo chake kuna mraba unaomwonyesha hali ya mlengo. Mistari yake ikikatikakatika, helikopta haijaelekea ipasavyo. Ikiungana, ruksa kufyatua. Kutoka kilomita 8 safari ya kombora huchukua zaidi ya nusu dakika, na mchezaji mgeni huona muda huo kama hauishi. Wengi huwasha leza mapema mno, au huisogeza kamera kutafuta shabaha ya pili ilhali ya kwanza haijafikiwa. Kombora haliwasamehe, huenda kule kule doa linakohamia.

Vikhr haina habari na nuru inayorudi. Kihisi chake kiko mkiani na kinatazama nyuma, kwa aliyefyatua. Helikopta hutandaza mwale wenye ishara kuelekea kwenye shabaha, na kombora linasoma ishara hizo ili lijue limeelemea kushoto, kulia, juu au chini ya katikati. Ni kama nahodha anayeingia bandarini usiku kati ya maboya: mji hauoni, ila anajua chombo chake kiko upande gani wa mkondo. Kombora lenyewe linazunguka kwenye mhimili wake muda wote.

Tofauti hiyo inabadilisha mapigano yote. Hakuna wa kukumulikia. Ukishafyatua Vikhr, mlengo ni wako hadi mwisho. Kwenye Ka-50 kamera ya Shkval inageuka nyuzi 35 tu kila upande, kwa hiyo pua ya helikopta hubaki imeelekea kwa adui. Ka-50 angalau inaweza kusimama hewani. Ndege ya Su-25T, inayobeba Vikhr hadi 16, haina anasa hiyo. Tuseme inakwenda mita 200 kwa sekunde na imefyatua ikiwa kilomita 8 kutoka shabaha. Kombora linahitaji sekunde 20 na kitu kufika. Linapolipuka, rubani amebakiza kama kilomita 4, yaani ameshaingia katika masafa ya mtambo wa kutungulia ndege wa Strela-10, ambao makombora yake hufika kilomita 5. Hesabu hii haikuandikwa na mtunzi wa mchezo ili kumkomoa mtu. Imetokana na mwendo na jiometri, na simuleta imeiacha ifanye kazi yake.

Kwenye nuru yenyewe mambo ni hafifu zaidi. Lugha ya Lua inayotumiwa kuandika misheni inafichua siri ndogo: doa la leza huundwa kwa agizo moja, linalotaka chombo kinachotoa mwale, mahali mwale unapoanzia, nukta unapoishia, na msimbo. Basi. Agizo hilo halina nafasi ya nguvu ya mwale wala upana wa doa. Doa ni nukta iliyopewa namba.

Doa halisi lina mwili. Mwale unaotanuka kwa miliradiani 0.25 huwa na upana wa mita 2 ukifika kilomita 8. Kwa kifaru cha upana wa mita 3 na nusu si haba, lakini mkono ukitikisika kidogo sehemu ya nuru humwagikia ardhini nyuma yake, na kombora linaweza kuufuata mmwagiko huo. Vumbi na moshi navyo vinaakisi. Ikiwa leza imewashwa mapema, kihisi kinaweza kushika nuru iliyorudishwa na vumbi lililo mbele ya helikopta, kifaru kikabaki salama kabisa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuchelewesha kumulika katika jeshi halisi. Mchezaji hufundishwa kuchelewesha vilevile, lakini doa lisilo na upana haliwezi kumwonyesha mmwagiko huo.

Je, ni dosari kubwa? Kwa mchezo unaokokotoa ndege, makombora na magari mengi kwa wakati mmoja kwenye kompyuta ya nyumbani, hapana. Kukokotoa kila mwale kwa upana wake kungeilemea mashine kwa faida ambayo wachezaji wachache wangeiona. Watengenezaji wamechagua kuiga utaratibu wa binadamu na mwendo wa kombora kwa ukali, wakairahisisha fizikia ya nuru. Uchaguzi ni wa busara. Wasioutambua ndio huanza kubishana juu ya silaha halisi kwa ushahidi wa skrini.

Anayetaka kujionea hahitaji kununua chochote, kwani Su-25T hutolewa bure pamoja na programu. Afyatue Vikhr moja kutoka kilomita 8, kisha atazame umbali uliobaki kombora linapofika. Akihamia kwenye Apache, alinganishe misimbo miwili kabla ya kufyatua: wa kombora na wa leza.