Bomba la Moshi: Uhakiki wa Istilahi Moja na Jamaa Zake

Aghalabu istilahi hupimwa kwa vigezo vya sarufi na asili: limeundwa vema neno hili? limetokana na Kibantu au Kiarabu? linapokea viambishi bila taabu? Hivyo ni vigezo vya haki wala hatuna nia ya kuvibeza. Lakini istilahi ya ufundi ina baraza jingine la kuihukumu, nalo ni meza ya duka la vipuri. Mnunuzi hutamka neno, muuzaji huingia ghalani, na kitu anachotoka nacho mkononi ndicho maana halisi ya neno lile.

Tulilifahamu jambo hili kwa gharama. Ofisi moja ya umma ilituomba tuitazame hati yake ya kuagizia vifaa ili iwe katika Kiswahili safi. Gari lake dogo, Toyota Vitz, lilikuwa limeoza sailensa ya nyuma. Msarifu alikuwa ameandika “ekzosi”. Sisi tukalifuta neno hilo kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake “bomba la moshi, moja”. Mzabuni akaleta bomba refu la katikati, lisilo na sailensa wala mkia. Hakuwa na kosa. Aliagizwa bomba, akaleta bomba. Na moshi hupita ndani yake. Gari likakaa juu ya magogo siku 11, na mwisho fundi akalikata lile bomba na kuliunga kwa kuchomelea. Baadaye dereva akawa analalamika kuumwa kichwa kila asafiripo na vioo vimefungwa. Kiungo kilikuwa kinavuja. Uhakiki huu basi unaanza na kalamu yetu wenyewe.

Natutazame neno lenyewe. Bomba tulilipokea kwa Wareno, ambao kwao ni mashine ya kuvutia maji. Kwetu limepanuka mno: ni mashine hiyo, ni mrija upitishao maji, ni mfereji unaochotwa uani, na hospitalini kuna bomba la sindano. Upana huo ni neema katika mazungumzo, ila katika hati ya ununuzi ni balaa, maana ekzosi ya gari si bomba moja. Gesi zikitoka katika silinda hupokewa na manifodi, zikashuka katika bomba la mbele, zikapita katika kigeuzi (ambacho tutakirudia), kisha bomba la kati, kisha sailensa, na hatimaye mkia. Katika magari mengine sehemu mbili tatu za hizi hutengenezwa zikiwa kitu kimoja, na katika mengine sailensa ni mbili. Mtu aliyeandika “bomba la moshi” ameitaja njia nzima, naye alitaka kipande kimoja.

Neno la pili, moshi, lina kasoro nzito zaidi, nayo si ya dukani. Injini nzima iliyopata moto haitoi moshi wa kuonekana. Itoayo ni naitrojeni kwa wingi, mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi, na kiasi cha monoksidi ya kaboni. Hii ya mwisho ndiyo iuayo, nayo haina rangi wala harufu. Dereva aliyefundishwa kwamba chombo hiki ni cha moshi atatazama nyuma, asione moshi, ajihesabu salama. Yule dereva wetu alituambia maneno hayo hayo: “Mbona haitoi moshi?” Mwalimu wa shule ya udereva na mfasiri wa maelezo ya usalama hawana budi kulikumbuka swali hilo. Hatusemi watu wakatazwe kusema moshi, kwa kuwa hilo haliwezekani wala halina faida. Twasema kwamba katika maandishi ya hadhari iandikwe “gesi za ekzosi”, na neno moshi liachiwe kazi yake ya kutaja dalili ya ugonjwa: moshi wa buluu wa oili iunguayo, moshi mweusi wa mafuta yaliyozidi.

Wako waliotushauri tuchukue dohani. Ni neno zuri lenye umri wake, na wazee wa pwani walilijua tangu zama za meli za makaa. Lakini dohani husimama, nayo hutoa moshi juu angani, ilhali chombo hiki kimelala chini ya sakafu ya gari karibu na miguu ya abiria. Tena asili yake ya Kiarabu ni moshi ule ule tulioukataa. Tumelirudisha melini kwa heshima.

Hivyo tunalirejesha neno la msarifu. Ekzosi, liandikwalo pia egzosi kwa jinsi kila mwandishi asikiavyo, ni mkopo, na mikopo ina adui wengi katika kurasa kama hizi. Hata hivyo lina sifa ambayo bomba la moshi halina: halichori picha yoyote ya kupotosha. Kwa sababu hiyo laweza kubeba jina la mfumo mzima, kuanzia manifodi hadi mkia, na jamaa zake wakapewa kila mmoja jina lake. Tunaomba tu maandishi yake yawe ya namna moja, ekzosi, ili anayelitafuta katika orodha asilitafute mara mbili.

Katika jamaa hao, sailensa imetutaabisha kidogo tu. Kizuia sauti na kinyamazishi vyote vimeundwa kwa kanuni, na hicho cha pili kwa kweli kinapendeza. Lakini sauti haizuiwi wala hainyamazishwi, bali hupunguzwa. Aliyewahi kulala karibu na Barabara ya Morogoro hahitaji ushahidi zaidi. Kipunguza sauti lingekuwa neno la kweli, na tungelitetea kama pasingekuwa na neno linalojulikana kila gereji kuanzia Kigoma hadi Mombasa. Sailensa ibaki.

Kigeuzi ni habari nyingine. Hapa neno baya limeleta hasara inayohesabika kwa fedha na kwa mapafu. Tumeona kimeitwa “chujio la moshi”, na hakika si chujio. Ndani yake mna udongo wa kauri wenye vijitundu vingi, uliopakwa madini ya thamani, platini, paladi na rodi, ambayo huchochea gesi zenye sumu zigeuke kuwa zenye madhara machache zaidi. Monoksidi ya kaboni ikiingia, hutoka kaboni dayoksaidi. Hakuna kinachonaswa humo ili kije kumwagwa. Sasa mpe mwenye gari neno chujio: anajua kwamba chujio hujaa taka, na kwamba chujio lililojaa hukung'utwa au hutupwa. Basi injini ikipoteza nguvu kwa sababu yoyote, fundi humwambia chujio limeziba, kauri hupondwa kwa nondo, na gamba tupu hurudishwa mahali pake. Nchi zetu zilikwisha kuachana na petroli yenye risasi ilipofika mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiviua vigeuzi hivi. Itakuwa ajabu kama tuliondoa sumu katika mafuta kisha tukairudisha kwa neno.

Mafundi wenyewe tumewasikia wakiita kitu hicho masega, kwa mfano wa nta ya nyuki. Neno hilo tunalipenda kuliko la wafasiri. Limetazama umbo lililopo badala ya kazi isiyokuwapo, halidanganyi, na mwenye duka huelewa. Kosa lake ni kwamba linataja kilichomo ndani tu, na mwenye kulitaja mara nyingi anawaza bei ya kuyauza. Kwa hati tunapendekeza kigeuzi cha gesi, na masega yawe jina la ile kauri ya ndani. Kemia mashuleni imekwisha kutupa kichocheo, kwa hiyo mwalimu hatakosa namna ya kueleza.

Tumefika penye ugumu hasa, nao haumo katika majina bali katika kitenzi. Je, kipuri kinachofaa gari hili tuseme kimelifanyaje? Wafasiri huandika “kinatosha”, kwa kuwa viatu na mashati hututosha. Waswahili wa pwani hunena kanzu imemwenea mtu. Muuzaji husema “inaingia hiyo, mzee”. Vitenzi vitatu hivi havilingani, na fundi aliyeifanyia gari letu kazi alitupa somo bila kukusudia. Tulipomuuliza kama lile bomba lilikuwa lake, alijibu, “Linaingia, lakini halikai.”

Kuingia ni kuwezekana kwa nguvu. Karibu kila bomba huingia chini ya karibu kila gari iwapo pana msumeno na mtungi wa gesi. Kutosha ni habari ya kipimo kimoja, yaani upana wa ndani: bomba lililo jembamba kuliko haja huifanya injini ishindwe kupumua, na hapo ni sahihi kusema halitoshi. Kuenea tunakuomba, msomaji, ukuepuke kabisa, kwani gesi nayo huenea, na hatutaki sentensi ambayo bomba limeenea na gesi imeenea humo humo. Kuoana ni kwa nyuso mbili: flenji ya kipande hiki na flenji ya kipande kile, matundu ya bolti yakitazamana na gasketi ikibanwa pande zote sawasawa. Kukaa ndiko kunakokusanya yote. Bomba lililokaa limeoana katika viungo, raba zake za kuning'inizia zimefika kwenye ndoano zake bila kuvutwa, halikugusa sakafu wala tangi la mafuta, na gari likiruka tuta halipigi ngoma. Jina lake tunaliita mkao. Lugha ilikuwa nalo siku zote. Sisi tuliokuwa tukitafuta neno la kitaalamu tulilipita tukienda mbali.

Mkao hautokani na jina la gari peke yake, na hili wasarifu walishike. Toyota ilianza kuuza Vitz nchini Japani mwaka 1999. Ya umbo la pili ikaja mwaka 2005, ya tatu mwishoni mwa 2010, na mwaka 2020 jina hilo likaachwa huko, gari likaitwa Yaris kama lilivyoitwa Ulaya tangu mwanzo. Hata hiyo ya kwanza ilitolewa na injini za sentimita za ujazo 997, 1298 na 1496, nayo hutambulika kwa alama zake: SCP10, NCP10, NCP13. Iko na NCP15 inayovuta kwa magurudumu manne, na chini yake ekzosi hushiriki nafasi na propela na difu ambazo ndugu zake hawana. Kuandika “ya Vitz” na kunyamaza ni kumwandikia mtu barua kwa jina la ukoo wake.

Kama hati ile ingerudi mezani petu leo, tungeandika hivi: “Sailensa ya nyuma pamoja na mkia wake, ya Toyota Vitz NCP10, injini 2NZ-FE, flenji ioane na ya sampuli iliyoambatishwa, ikae bila kukatwa wala kuchomelewa.” Ni ndefu, lakini hakuna neno humo ambalo msarifu angelionea haya au muuzaji asingelijua.

Liko gari moja linalotutia mashakani, nalo ni Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa mviringo. Injini yake iko nyuma, hivyo “bomba la mbele” na “bomba la kati” kwake hayana maana. Zaidi ya hayo sailensa yake hupokea gesi za silinda mbili moja kwa moja kutoka kwenye injini, na za mbili nyingine kupitia vikasha vya kupashia hewa moto, hata ikawa kitu kimoja kinafanya kazi ya manifodi na ya sailensa pamoja, kisha mikia miwili inachomoza. Mafundi wazee tuliowauliza huiita sailensa tu, nasi kwa sasa tumeiacha hivyo. Msomaji aliyesikia jina jingine gerejini kwake atuandikie, ataje na mahali alipolisikia.